Mita Mia Sita na Ishirini

Duka lake lilikuwa la mlango mmoja na dirisha moja, limebanwa kati ya duka la viatu na la mshona mapazia. Ndani mlikuwa na kiti cha kupimia macho, chati ya herufi ukutani, kabati la fremu, na nyuma ya pazia la plastiki mashine ya kusagia lenzi iliyovuma tangu asubuhi hadi jioni. Mtaa mzima ulimwita Milimita. Jina hilo alibandikwa na karani mmoja wa posta ambaye alijaribu miwani yake mpya, akasema iko sawa kabisa, akageuka aondoke. Fundi akaivua usoni pake, akarudi nayo nyuma ya pazia, kisa na maana kitovu cha lenzi ya kushoto kilikuwa kimepotoka milimita moja. Karani alikaa pale saa mbili akinuna. Baada ya wiki alirudi kushukuru, maana kichwa kilichomuuma miaka mitatu kilikuwa kimeacha.

Nyumbani aliitwa Mama Pacha. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi bomba asiyekaukiwa na mzaha. Pacha wenyewe walikwisha kuwa watu wazima wenye nyumba zao.

Bunduki aliishika kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na minane, na aliishika kwa ajili ya miwani. Mteja wake mmoja, mzee mrefu aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya shabaha, alilalamika kwamba miwani aliyotengenezewa inasoma gazeti vizuri lakini uwanjani inamwonyesha ukungu. Milimita hakulala na neno hilo. Jumamosi alifunga duka mapema, akaenda naye uwanjani, akamwambia alale kifudifudi kama alivyozoea. Alipomwona alivyoinamisha shingo na kubana shavu kwenye kitako cha bunduki, akaelewa mara moja: mzee hakuwa anatazama katikati ya lenzi, alikuwa anatazama kwenye pembe ya juu, karibu na pua. Akampima akiwa palepale chini, rula mkononi, magoti kwenye vumbi. Miwani iliyotoka hapo ilikaa upande kiajabu, mtu hawezi kuivaa sokoni, lakini mzee alipiga siku hiyo kama kijana. Kwa furaha akamwachia fundi wake risasi tano.

Risasi tatu kati ya hizo zilipita nje ya karatasi. Mbili zilizobaki ziligusana. Milimita akataka kujua kwa nini zile mbili na si zote tano, na swali hilo ndilo lililomrudisha Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine.

Miaka minane ilipita hivyo. Alianzia mita mia moja, akaenda mia tatu, mia sita, hatimaye elfu moja, ambako shabaha yenye ukubwa wa mlango inaonekana kama stempu, na risasi ikitoka inachukua zaidi ya sekunde moja kufika. Alijifunza kusoma upepo kwenye vibendera vilivyopangwa uwanjani, na kwenye ule mtetemo wa joto unaopanda ardhini mchana. Kila risasi aliiandika katika daftari. Mwaka wa nne alichukua kikombe cha klabu, akimshinda mtu waliyemwita Bingwa, mwalimu wa hesabu aliyekuwa amekishikilia kikombe hicho mpaka watu wakasahau kwamba kinaweza kwenda kwa mwingine. Baba Pacha alikiweka kikombe juu ya kabati la vyombo, akawa anawaambia wageni kwamba siku hizi akigombana na mkewe anahakikisha kwanza yuko zaidi ya kilomita moja.

Aliyejivunia zaidi alikuwa shemeji yake, mdogo wa Baba Pacha. Huyu alikuwa mwindaji mwenye kibali, mtu wa majigambo na maneno mengi, na alipokaa na wenzake hakukosa kumtaja shemeji yake anayetoboa stempu kwa mita elfu. Akamwandama mwaka mzima waende wote porini.

"Shemeji, wewe unapiga kitu kidogo kama sinia kule mbali kusikoonekana," alimwambia. "Swala atakushinda nini?"

Milimita hakuona swala atamshinda nini. Akaomba kibali, akakipata, wakaenda.

Walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mfuata nyayo aliyeitwa Soli, kwa sababu alipokutana na mtu alimtazama viatu kabla ya uso. Kabla ya kazi hiyo alikuwa mshona viatu, na alisema kazi ni ileile, kusoma mtu au mnyama anavyokanyaga. Siku ya pili asubuhi, wakiwa juu ya kilima chenye mawe, walimwona swala dume upande wa pili wa bonde, akila majani peke yake. Shemeji akatoa kifaa cha kupimia umbali. Mita mia sita na ishirini.

Soli akaonyesha korongo lililoshuka kushoto. Akasema wakilifuata wakiwa wameinama, kwa saa moja na nusu watatokea karibu naye, labda hatua mia na hamsini, na upepo wanao usoni. Shemeji akacheka. Akasema ya nini kutambaa kama mijusi na hapa wana mtu wa mita elfu.

Milimita baadaye alikiri mbele ya watu kwamba maneno hayo yalimkolea. Angeweza kusema twendeni korongoni. Hakusema. Alilala chini, akaweka bunduki juu ya mkoba, akazungusha kirekebisho cha darubini mibofyo arobaini na minane, akatazama nyasi zilivyoinama, akahesabu upepo. Swala alisimama ubavu, ametulia. Kila kitu kilikuwa kama Jumamosi. Akafyatua.

Risasi ilihitaji karibu sekunde moja kuvuka lile bonde. Katika sekunde hiyo swala alinyoosha shingo kwenye kishungi kingine cha majani, akapiga hatua moja mbele.

Milimita akaona kwenye darubini manyoya yakiruka nyuma sana, tumboni. Mnyama akajikunja, akaruka, akaingia kichakani akiburuta mguu.

Shemeji hakuwa ameona vizuri. Akasema imepita juu, si neno, wengine wapo upande wa kaskazini, na hata kama imemgusa atakwenda kufa zake mwenyewe huko. Akaanza kukunja vitu. Milimita alikuwa amekwisha simama.

"Imempata tumboni," alisema. "Nimeona. Mimi namfuata."

"Shemeji, kichaka kile hakina mwisho."

"Basi nitarudi nikikuta hakina mwisho."

Wakashuka, yeye na Soli, na shemeji nyuma yao akinung'unika. Upande wa pili Soli akaonyesha tone la kwanza la damu, iliyochanganyika na majani mabichi yaliyotafunwa, akatikisa kichwa. Hakumlaumu. Alimweleza tu kwamba mnyama wa namna hii hafi upesi. Atakwenda, atalala, akisikia watu ataamka aende tena. Kwa hiyo wasimkimbize. Wamfuate taratibu na wasimwache.

Walimfuata siku ile mpaka jua likazama. Mara nyingine tone lilikuwa moja kila hatua thelathini, mara nyingine hakuna kitu ila kijiwe kilichogeuzwa. Walipopoteza njia Soli alisimamisha kijiti pale penye alama ya mwisho, wakazunguka kijiti hicho duara baada ya duara mpaka waone nyingine. Mikono ya Milimita, iliyozoea lenzi na kitambaa laini, ilichanwa na miiba hadi kwenye viwiko. Mara mbili walikuta mahali alipolala, nyasi zimelala na zina joto bado. Mara ya pili Milimita aliweka kiganja pale akakaa nacho mpaka Soli akamgusa bega.

Usiku walilala palepale, kulipopambazuka wakaendelea. Shemeji alirudi kambini kusubiri. Alisema maji yamepungua. Saa tano asubuhi Soli alisimama, akashusha mkono. Swala alikuwa amelala chini ya mti mdogo, hatua sitini mbele yao, kichwa kimeinuliwa. Aliwaona. Hakuwa na nguvu ya kuamka tena. Milimita alipiga goti, na hiyo ilikuwa risasi rahisi kuliko zote alizowahi kupiga.

Hakulia. Alisaidia kumchuna, akabeba sehemu yake ya mzigo mgongoni mwendo wote hadi kambini. Njiani alimuuliza Soli anawafuata wangapi wa aina hii kwa mwaka. Soli akasema zamani walikuwa wawili, watatu. Siku hizi darubini zimekuwa nzuri, kwa hiyo wamekuwa wengi, na wawindaji wengi hawangoji wapatikane.

Nyumbani Baba Pacha alimwona mikono, akaweka mzaha kando, akachemsha maji. Alidhani mkewe ataiuza bunduki. Wengine klabuni walidhani hivyo pia, na wengine walimshauri asahau, bahati mbaya humpata kila mtu. Milimita hakutaka kuuza wala kusahau. Alichotaka ni kujua, kwa namba, kama alivyojua lenzi, ni umbali gani hasa ana haki ya kumpiga kiumbe kinachopumua.

Jumatatu iliyofuata alianza. Mara tatu kwa wiki, kabla ya kufungua duka, alifika uwanjani jua likichomoza. Mtunza uwanja alimteremshia vibendera vyote, kwa sababu porini hakuna vibendera. Aliweka sahani ya chuma yenye upana wa shubiri moja, sawa na mahali pa moyo na mapafu. Akabeba mkoba wenye mawe, akapanda na kushuka tuta mara mbili mpaka pumzi ikamwishia, akajitupa kwenye udongo bila mkeka, akapiga risasi moja. Moja tu, mtutu ukiwa wa baridi. Kisha akaandika, akafunga bunduki, akaenda kufungua duka.

Wanachama walipita wakimwangalia kama mtu aliyeingiwa na kitu. Mtu anaamka alfajiri yote hiyo kwa risasi moja? Yeye aliendelea. Mvua ilikuja, aliendelea. Baada ya miezi saba daftari lilisema hivi: kwa mita mia sita na ishirini, risasi ishirini, sahani ililia mara kumi na moja. Kwa mia nne, kati ya ishirini aliikosa mara nne. Kwa mia tatu, kati ya ishirini, mara moja. Kwa mia mbili alipiga thelathini, na zote thelathini zililia.

Mbele ya Baba Pacha aliisoma ile hesabu ya kwanza kwa sauti. Tisa zimekosa. Akasema yeye ndiye mwenye kikombe kile pale juu ya kabati, na amekosa mara tisa, na sahani haipigi hatua.

Wakati huohuo klabuni lilizuka jambo. Bingwa alileta pendekezo kwamba klabu iandae safari ya mawindo, na kikombe kipya kiende kwa atakayempata mnyama kwa umbali mkubwa kuliko wote. Alilileta kwa nia safi. Alikuwa mtu wa namba, na namba kubwa ilimpendeza. Shemeji, aliyekuwa amejiunga mwaka ule, alimuunga mkono kwa nguvu, akajitolea kuongoza safari. Watu walifurahi.

Milimita alisimama mkutanoni akapinga. Alieleza yaliyompata bondeni bila kujipunguzia hata neno moja. Shemeji alikuwa ameketi safu ya mbele, uso umemshuka. Alipomaliza, Bingwa alisema kwa upole kwamba anampa pole, lakini kosa la mtu mmoja si sheria ya wote, wapo wanaoweza.

"Huenda wapo," alisema Milimita. "Nipeni Jumamosi moja kabla ya kupiga kura. Anayeweza aje."

Mwenyekiti, yule mzee wa miwani ya pembeni, akakubali.

Wiki ile Baba Pacha hakuziba bomba la mtu. Alikaa uani akichomelea. Alitengeneza kigari cha mabomba ya chuma chenye magurudumu manne kinachokwenda juu ya reli ya mabomba mengine mawili, kikivutwa kwa kamba ndefu kutoka handakini, ule mtaro wa kujikinga ulio chini ya shabaha. Juu ya kigari mkewe alisimamisha ubao mwembamba aliouchonga umbo la swala na kuupaka rangi ya nyasi. Soli aliitwa akae handakini avute kamba. Alipewa karatasi moja tu: simama, hatua moja, simama, hatua mbili, na muda wa kila kimoja, ili asimpendelee wala kumwonea mtu. Alisema haihitaji, akauliza kama anaweza kuvuta jinsi swala wanavyokula. Lakini alifuata karatasi.

Wapigaji kumi na wanne walijitokeza. Kila mmoja alipanda tuta na mkoba, akalala udongoni, akapiga risasi yake moja kwa mita mia sita na ishirini. Milimita naye alipiga, wa kwanza. Kutoka pale mstarini hakuna aliyeweza kujua risasi imeingia wapi. Kila baada ya risasi Soli aliweka namba kando ya tundu kwa chaki.

Ubao ulipoletwa waliulaza juu ya meza ya chai ukumbini na watu wakauzunguka. Matundu matatu yalikuwa pale panapotakiwa. Risasi tano hazikuonekana kabisa. Sita zilizobaki zilikuwa tumboni, pajani, kwenye mguu wa mbele, kichwani. La Milimita lilikuwa tumboni, karibu palepale alipompiga yule wa bondeni. Tundu namba saba lilikuwa kwenye taya.

"Namba saba ni nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni mimi," alisema Bingwa.

Aliinama akaweka kidole kwenye lile tundu. Kisha akauliza, si Milimita, bali Soli: mnyama akipigwa hapa, inakuwaje?

"Anashindwa kula na kunywa," Soli akajibu. "Miguu inayo nguvu, kwa hiyo humpati. Siku kumi, labda zaidi."

Bingwa alikwenda mbele akaomba pendekezo lake liondolewe. Wengine walikataa liondolewe, wakasema ubao ni ubao na mchezo ni mchezo, na kura ikapigwa. Kikombe cha mbali kilianguka kwa kura kumi na tatu dhidi ya kumi na moja. Pakaandikwa badala yake kwamba atakayekwenda mawindoni na beji ya klabu atapima kwanza umbali wake kwa sahani, risasi ya kwanza, na hatauvuka. Wanachama wanne walijitoa wiki ileile. Shemeji alipiga kura ya kukitetea kikombe cha mbali, akatoka bila kumuaga mtu.

Miezi mitatu hakukanyaga nyumbani kwa kaka yake. Ilimuuma Milimita kuliko alivyoonyesha. Baba Pacha alisema mwache, hasira zake zina miguu mifupi, zitachoka. Lakini Milimita hakungoja zaidi. Alichukua simu, akapiga, ikakatwa. Akapiga kesho yake, ikakatwa. Alipiga kila siku saa saba mchana, baada ya chakula, kama anavyokunywa dawa mgonjwa, hadi siku ya kumi na nne shemeji akaja mwenyewe dukani, akaketi kwenye kiti cha kupimia macho kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Alikaa akiangalia chati. Halafu akasema si macho.

"Ni goti, shemeji. Hili la kulia. Mwaka wa tatu sasa. Siwezi kutambaa, siwezi kushuka korongo nimeinama. Siku ile Soli alipoonyesha lile korongo, nilijua nikitambaa humo sitainuka. Hata kule kuwafuata wima kulinimaliza, ndiyo maana nilirudi kambini." Akajisugua goti. "Wenzangu wanadhani napiga mbali kwa sababu ni hodari."

Milimita alizima mashine. Alimuuliza kama ameona daktari, akasema hapana. Akamuuliza kama kaka yake anajua, akasema hapana, na akamwomba asimwambie, maana Baba Pacha atatunga mzaha wa mwaka mzima. Milimita akasema ataambiwa, na mzaha atauvumilia, na Alhamisi wanakwenda kwa daktari wote wawili. Hakumuuliza kama anataka.

Daktari alitoa dawa, mkanda wa goti, na mazoezi ya kuinua mguu mara arobaini kutwa. Mazoezi hayo shemeji aliyafanya nyumbani kwa kaka yake, kwa sababu kwake alikuwa anadanganya hesabu. Ilichukua miezi mitano.

Msimu ulipofunguliwa waliondoka tena watatu. Asubuhi ya kwanza waliona swala kwa mbali sana, na shemeji hakukitoa kifaa cha kupimia. Waliingia korongoni saa moja kasoro. Walikwenda hatua kumi, wakapumzika. Hatua kumi, wakapumzika. Soli mbele, shemeji katikati na mkanda wake wa goti, Milimita nyuma akimbebea bunduki. Penye mawe shemeji alikaa akateleza kwa makalio kama mtoto mdogo, na hakujali nani anamwona. Jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni. Mara moja alisema basi, hapa panatosha, na palikuwa bado mbali; Milimita akamwambia kwa kunong'ona apumzike kwanza ndipo aamue. Alipumzika, akaamua kuendelea.

Saa nne na robo walitokea nyuma ya kichuguu. Dume alikuwa hatua mia na arobaini. Shemeji alilala, akapokea bunduki, akatuliza pumzi. Lakini mbele ya dume alikuwa amesimama jike na ndama wake. Walingoja. Jike alikula, akainua kichwa, akala. Zilipita dakika arobaini, kidole cha shemeji kiko nje ya kifyatulio muda wote, shavu limeganda kwenye kitako. Kisha upepo ukageuka. Jike akapuliza pua, na kufumba na kufumbua hapakuwa na mnyama hata mmoja.

Shemeji aliviringika akalala chali, akaanza kucheka kimyakimya, tumbo likimpanda na kushuka. Alisema hajawahi kuwasikia wakitafuna. Miaka ishirini ya mawindo, na hajawahi kuwasikia wakitafuna.

Kisha akanyoosha mkono, maana goti lilikuwa limekaza. Milimita alishika mkono mmoja, Soli wa pili, wakamwinua.

"Kesho tunaondoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja na nusu," alisema Milimita. "Ukichelewa tunakuacha."